Je, Wajua? Waarabu Baada ya Mafuta

• Jumuiya ya Nchi za Kiarabu iliundwa Cairo mwaka 1945. Leo ina wanachama 22, mmoja wao jirani yetu Komoro, aliyejiunga mwaka 1993.

• Si kila Mwarabu ana kisima cha mafuta. Morocco huagiza karibu mafuta yote inayotumia. Utajiri wake ni fosfeti, takribani asilimia 70 ya akiba ya dunia nzima. Bila fosfeti, mkulima hapati mbolea ya DAP dukani.

• Kuwait ilianza kuweka akiba ya fedha za mafuta mwaka 1953, miaka minane kabla ya kupata uhuru.

• Umoja wa Falme za Kiarabu, wenye mafuta tele, hupata takribani robo ya umeme wake kutoka vinu vinne vya nyuklia vya Barakah. Nayo kampuni ya DP World ya Dubai ilitia saini mkataba Oktoba 2023 wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30.

• Saudia ilianza kutoza VAT Januari 2018, asilimia 5. Julai 2020 ikapandisha hadi 15. Risiti ya duka la Riyadh sasa ina mstari wa kodi kama ya Kariakoo.

• Oman imepitisha kodi ya mapato ya mtu binafsi, ya kwanza katika Ghuba. Kuanzia 2028, anayepata zaidi ya rial 42,000 kwa mwaka atakatwa asilimia 5.

• Desemba 17, 2010, mchuuzi wa matunda Mohamed Bouazizi wa Sidi Bouzid, Tunisia, alijichoma moto baada ya kunyang'anywa bidhaa na mizani. Haukupita mwezi, Rais Ben Ali, aliyetawala miaka 23, akakimbia nchi.

• Syria ilichelewa kumwondoa mtawala wake, lakini ilifika: Desemba 2024 Bashar al-Assad alikimbilia Urusi, na zaidi ya nusu karne ya utawala wa familia moja ikaisha.

• Kuwait, yenye bunge lililozoea kuwabana mawaziri, haina bunge sasa. Amiri alilivunja Mei 2024 na kusimamisha baadhi ya vifungu vya katiba kwa muda usiozidi miaka minne.

• Kwa hiyo Ghuba inaongeza kodi bila kuongeza kura. Serikali inayogawa fedha za mafuta huombwa. Inayokusanya kodi hudaiwa hesabu. Watawala wa Ghuba wajiandae kuulizwa.