Ngitili: Akiba ya Malisho kwa Kaya za Wakulima na Wafugaji Usukumani

Kwa mazoea ya wazee wetu, mvua za Usukumani huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukoma mwezi Mei, zikikatizwa na majuma machache ya ukavu mnamo Januari au Februari. Kinachowataabisha waamini wetu siku hizi si kwamba mvua zimetoweka, bali kwamba haziaminiki tena. Huchelewa kuanza. Ukavu wa katikati ya msimu hurefuka hata mahindi yakakauka yangali yanatoa mbelewele. Kisha hunyesha kwa siku mbili kiasi kilichopaswa kunyesha kwa majuma mawili, na maji hukimbilia mtoni pamoja na udongo wa juu.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili hatuna budi kukumbuka kwamba kaya ya Kisukuma ni nadra kuwa ya wakulima tu au ya wafugaji tu. Ng'ombe huvuta plau, hutoa samadi, hulipa mahari na karo ya shule. Malisho yakiisha mwezi Septemba, maksai hukonda. Na maksai waliokonda hawawezi kulima Novemba mvua za kwanza zinaponyesha. Shamba hupandwa kwa kuchelewa, na zao lililochelewa ndilo linalokutwa na ukavu likiwa changa. Hivyo njaa ya mwezi Machi aghalabu huanzia katika malisho ya mwaka uliotangulia, si katika shamba lenyewe.

Wasukuma walikuwa na jibu la tatizo hili kabla ya mtu yeyote kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, lisiingizwe mifugo msimu wote, ili nyasi zikue, zikauke zikiwa zimesimama, na zibaki kuwa akiba. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, sehemu baada ya sehemu, wakitangulizwa maksai, ndama na ng'ombe wanaokamuliwa. Ziko ngitili za kaya na ziko za kijiji kizima. Wamaasai nao wana olopololi, malisho ya karibu na boma yanayotunzwa kwa ajili ya ndama. Wazo ni moja.

Desturi hii ilikaribia kufa. Tangu miaka ya 1920 misitu ilifyekwa ili kumwangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Ardhi iliachwa tupu, hadi Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004. Mwanzoni mwake, ngitili zilizofahamika rasmi katika mkoa wa wakati ule, ambao ulijumuisha pia sehemu kubwa ya Simiyu ya leo, zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Tunaona inafaa kutaja jinsi jambo hilo lilivyowezekana, kwa kuwa wengi hudhani kutunza mazingira maana yake ni kugawa miche. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu. Mizizi na visiki vya migunga vilikuwa hai ardhini, vikisubiri tu kuachwa. Watu walipozuia mifugo na shoka, machipukizi yalipanda yenyewe. Ulinzi haukutegemea askari wa misitu bali dagashida, baraza la kimila, pamoja na sungusungu, waliomtoza faini aliyeingiza mifugo kabla ya wakati. Utafiti wa kiuchumi uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kuni, nguzo, asali, dawa, matunda na malisho ya ngitili vilikuwa na thamani ya takriban dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini kwa wakati huo.

Leo akiba hiyo iko hatarini tena, na adui safari hii anatoka ndani ya nyumba. Baba anapofariki, ngitili ya ekari kumi hugawanywa kwa wana watano, na ekari mbili mbili hazitoshi kulisha hata jozi moja ya maksai kiangazi kizima. Basi kila mmoja hulima kipande chake au hukiuza. Mwaka wa njaa, miti huwa mkaa. Hatuwalaumu wanaofanya hivyo wakiwa na watoto wasiokula, lakini ni haki kusema wazi kwamba anayekata ngitili mwaka huu anauza plau ya mwaka ujao.

Lipo pia suala la haki. Kaya yenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa hufunga eneo lake kwa urahisi. Mjane asiye na ardhi hukuta njia yake ya kuni imefungwa. Kitabu cha Walawi, katika sura ya 19, kinamwagiza mvunaji asivune hadi pembe za shamba lake, ili maskini na mgeni wapate chao. Na Baba Mtakatifu Francisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini haviwezi kusikilizwa kimoja bila kingine. Kijiji kinachoruhusu kuokota kuni kavu na matunda ndani ya ngitili kwa siku maalumu kinatii mafundisho hayo, tena kinapata walinzi wengi zaidi.

Ngitili peke yake haitoshi. Katika udongo mweusi wa mbuga, wakulima wetu hupanda dengu mvua zinapoelekea kuisha, nazo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Na majaruba ya mpunga hunasa maji ya mafuriko ambayo yangepotea. Mtama huvumilia ukavu kwa kusimama kukua na kuendelea mvua inaporudi, jambo ambalo mahindi hayawezi. Wataalamu huwahimiza watu waurudie mtama, nasi tunakubali. Ila wasisahau kwamba kwelea kwelea hula mtama, na watoto waliokuwa wakiwafukuza sasa wako shuleni, kama inavyopasa. Mifugo nayo ni afadhali iuzwe Mei au Juni ikiwa imenona, kuliko Oktoba inapopelekwa mnadani ikiwa mifupa.

Wengine huchagua kuhama. Wasukuma wamekwenda na ng'ombe wao Rukwa, Katavi, Kilombero na Usangu, na mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa na Serikali kutoka bonde la Ihefu, baadhi wakipoteza mifugo mingi njiani. Nafasi za kuhamia zinapungua kila mwaka.

Kwa hiyo tunazisihi familia ambazo bado zina ngitili zizungumzie urithi wake wazazi wakiwa hai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina ya watu zaidi ya mmoja: mume na mke, au ndugu wote kwa pamoja, hivyo eneo likabaki zima na mjane asifukuzwe. Maombi huanzia katika ofisi ya kijiji. Kwa ngitili ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopaswa kupitisha sheria ndogo za kufunga na kufungua, na kazi hiyo ikamilike mwezi Septemba, kabla ya mvua za kwanza.