Mabao 41 Tu, Lakini Bado Wanamwimba: Hivi Ndivyo Mchezaji Hugeuka Kipenzi wa Mafans

Ian Rush alifungia Liverpool mabao 346. Divock Origi alifunga 41. Sasa ingia kibanda chochote cha video hapa Banissa usiku wa mechi, utaje hayo majina mawili. Ukitaja Rush, vijana watakuuliza, "Warya, huyo ni nani?" Ukitaja Origi, hata mzee wa kuwasha jenereta atatabasamu.

Hesabu haiingii, si ndio? Mse amekaa benchi miaka, na bado anapendwa kuliko mastaa waliofunga mara tano yake. Tulia nikupe rada venye hii kitu hufanya kazi.

Kwanza, usichanganye staa na kipenzi. Staa kila mtu anamkubali, hata adui. Messi hahitaji wakili. Kipenzi naye ni wenu peke yenu. Mtu wa nje akicheki takwimu zake atacheka. Wewe ukizicheki unakumbuka ulikuwa umekaa wapi siku ile na nani alikukumbatia. Ili mchezaji afike hapo, kuna mambo kadhaa.

1. Anatokea wakati mmeshakata tamaa

Tarehe 2 Desemba 2018, Liverpool na Everton, Anfield. Bado ni sufuri kwa sufuri, dakika ya 96. Wasee wengine wameshaanza kutafuta viatu waende. Van Dijk anapiga mpira vibaya mpaka anageuka kuondoka, mpira unapanda juu, golikipa Pickford anaupapasa kwa mwamba, unarudi chini. Nani yuko pale? Origi, kichwa, ndani. Na hiyo ndio ilikuwa mechi yake ya kwanza ya ligi na Liverpool msimu huo. Aliingia kama sabu dakika kama kumi na mbili tu kabla.

Songa hadi Mei 2019. Tarehe 4 Salah anaumia kichwa dhidi ya Newcastle, Origi anaingia, dakika ya 86 anafunga la ushindi. Siku tatu baadaye ni Barcelona, na Liverpool wako chini 3-0 kutoka mechi ya kwanza. Salah hayuko. Firmino hayuko. Ramadhani ilikuwa imeanza wiki hiyo hiyo, kwa hivyo sisi tulitoka taraweh tukaenda kibandani moja kwa moja. Mimi nilikalia jerikeni. Mafans wa Barcelona walikuwa wamekaa mbele, wameshaanza kutuchoma kabla gemu ianze.

Dakika ya 7, Origi. Wijnaldum akaongeza mbili haraka haraka baada ya mapumziko. Dakika ya 79, Trent akajifanya anaacha kona, akageuka akaipiga chap, Origi peke yake ndio alikuwa macho. 4-0. Tarehe 1 Juni, fainali na Tottenham pale Madrid, Salah akafunga penalti mapema, halafu dakika ya 87 nani akafunga kazi? Huyo huyo.

Umeona? Si wingi wa mabao. Ni saa. Mtu akikupa maji ukiwa umeshiba unasema asante. Akikupa maji ukitembea jua la saa saba kutoka malkani na mbuzi, humsahau hadi kaburi. Na watu wa huku hatuhitaji kuelezwa thamani ya maji.

2. Anajua adui ni nani

Kati ya yale mabao 41, sita aliwafunga Everton, majirani wa Liverpool. Shabiki anaweza kusahau bao la tatu kwa timu ndogo. Bao la dabi halisahauliki, ju kesho yake kuna mtu utakutana naye kazini au sokoni na itabidi anyamaze.

Chukua mfano wa hapa. Tuseme timu ya mtaa wenu imeenda kucheza Takaba. Kuna straika wenu amefunga kumi msimu mzima, lakini Takaba alipotea. Halafu kuna difenda mmoja mrefu, hajawahi kufunga kitu, siku hiyo mpira ukamgonga goti ukaingia. Nani atapewa chai ya bure mwezi mzima? Usijibu.

3. Anakaa benchi bila kununa

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Wanadhani mafans wanapenda mabao peke yake. Zii. Mafans wanapenda mtu anayefanana nao.

Fikiria shabiki ni nani. Ni mtu anangoja. Anangoja Jumamosi, anangoja matokeo, anangoja kombe miaka mingi, na hakuna siku kocha atamwita aingie. Sasa akimwona mchezaji naye anangoja, amevaa ile jaketi, anapasha misuli pembeni, haendi kulia kwa magazeti, halafu akiingia anafanya kazi kama mtu aliyekuwa anacheza kila wiki, shabiki anajiona pale uwanjani. Staa ni mtu ungependa kuwa. Kipenzi ni wewe, ila amepewa jezi.

4. Kuna stori ya kwao nyuma yake

Sisi Wakenya tuna sababu yetu ya ziada. Origi alizaliwa Ubelgiji 1995, lakini babake ni Mike Okoth, aliyechezea Harambee Stars. Amu yake ni Austin Oduor, kapteni wa Gor Mahia ile ya 1987 iliyobeba kombe la washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia, sare 2-2 kule na 1-1 Kasarani, wakashinda kwa mabao ya ugenini. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya imebeba kombe la Afrika.

Ni kweli Divock alichagua Ubelgiji, na akawafungia Kombe la Dunia 2014 akiwa na miaka 19. Je, tulimkataa? Hapana. Tulisema "huyo ni wetu" na tukaendelea na maisha. Kipenzi hasomwi kitambulisho.

Na kama unataka wa jezi ya Kenya kabisa, Dennis Oliech yuko. Mwaka 2003, kijana wa miaka 18, bao moja dhidi ya Cape Verde pale Kasarani, na Kenya ikarudi AFCON baada ya miaka 12 nje. Kuna Wakenya wamefunga mengi. Lakini ukimuuliza mse aliyekuwa hai siku hiyo, atakusimulia hilo bao kama ndoa yake.

5. Huwezi kulazimisha

Klabu inaweza kununua staa. Kipenzi hauzwi dukani. Ushahidi ni Origi mwenyewe. Alipotoka Liverpool 2022 akaenda AC Milan, miguu ilikuwa ile ile, lakini msimu wake wa kwanza alipata mabao mawili tu ya ligi. Kule alikuwa straika mwingine tu hafungi, na mafans hawakuwa na kumbukumbu yoyote naye ya kumkinga. Ndio maana nasema kipenzi si sifa ya mchezaji peke yake. Ni mkataba kati yake na watu fulani, mahali fulani, na hauandikwi na meneja yeyote.

Sasa mbona nakuambia haya yote kutoka Banissa?

Unajua venye sisi huita kule kwingine "Down Kenya", kana kwamba hapa ni nchi yake. Ukikua mpakani na Ethiopia, unazoea kuona wengine wakiitwa kwanza. Barabara kwanza kule, kazi kwanza kule, hata skauti wa mpira wanaishia mbali sana na vumbi letu. Mimi koleji niliacha njiani, na kuna miezi nilikaa nyumbani nikidhani gemu yangu imeisha.

Sitakudanganya ati kila mtu wa benchi ataitwa. Wengi hawaitwi, na si makosa yao. Benchi haina utamu wowote, na anayeigawa vibaya anafaa kuulizwa. Lakini ile kona ya dakika ya 79 ilinifunza kitu kimoja. Difenda wote wa Barcelona walikuwa mastaa, na wote walikuwa wamegeuka wanaangalia kwingine. Mse wa benchi ndiye alikuwa anaangalia mpira.

Usiku ule tulipiga kelele mpaka mzee wa jenereta akatishia kuzima. Hakuzima. Alikuwa amesimama mlangoni, tochi mkononi, akiuliza, "Huyo kijana ni wa nani?"

Tukamjibu wote pamoja: "Wetu, abti."