Chai ya kupunguza mwili inauzika, ushauri wa mlo hauna bei

Dawa za Kichina za kupunguza mwili zimeshazoeleka Kariakoo na katikati ya Nairobi. Mnunuzi anajua boksi analolitaka na muuzaji anajua swali litakaloulizwa, kwamba kitambi kitaisha baada ya siku ngapi. Kisichojadiliwa ni fedha inakoenda. Katika tiba ya asili ya China, anayetaka kupungua hupewa mimea, pengine na sindano za akyupancha, pamoja na maelekezo ya nini ale, ale wakati gani na aache nini. Mzigo ukifika kwetu, mimea inauzwa na maelekezo yanaachwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo biashara hii ilipoharibika, na wanaoumia ni wateja pamoja na wafanyabiashara wachache wanaotaka kuifanya kwa haki.

Mmoja wao ni mama anayeagiza bidhaa kutoka Guangzhou na ambaye ameomba jina lake lisiandikwe. Lalamiko lake si kodi wala ushuru, ingawa hayo nayo anayo. Analalamika kwamba anapofanya kazi vizuri anapoteza mteja. Akija mtu dukani, humkalisha, humuuliza habari za usingizi, choo, miguu kuvimba na dawa nyingine anazotumia, kisha humpa karatasi iliyoandikwa pande zote mbili kwa Kiswahili. Mazungumzo hayo yanakula muda ambao jirani yake anautumia kuuza maboksi kadhaa. Wateja wengi husoma karatasi, huuliza kama hakuna dawa isiyo na masharti, halafu huvuka barabara. Ng'ambo ya pili wanaahidiwa tumbo kuisha kwa wiki moja huku wakiendelea na chipsi mayai.

Aliwahi kujaribu kutoza ushauri peke yake. Watu walikataa. Anasema yule yule anayetoa fedha ya boksi bila kupatana bei huona ametapeliwa akiambiwa alipie maneno. Basi akafunga mahesabu kama wenzake wote: gharama ya ushauri ameiingiza ndani ya bei ya chai, na sasa chai yake inaonekana ghali kuliko ya jirani, wakati imetoka soko lile lile la jumla.

Karatasi yenyewe inastahili kusomwa. Asubuhi, uji wa ulezi bila sukari badala ya chapati na chai ya maziwa. Mchana, ugali usiozidi ngumi, mchicha au matembele, dagaa au samaki asiyekaangwa. Jioni, supu ya moto, mapema, na usile tena baada ya hapo. Soda na maji ya friji yameondolewa kabisa. Chini kuna agizo ambalo Wachina hulirudia sana, la kuacha kula shibe ikifika saba katika kumi. Kinachowashangaza wateja ni katazo la vitu vibichi na vya baridi, kwa sababu wengi wanafika wakiwa wameshinda wiki nzima kwa matango, tikiti maji na ndimu yenye barafu. Mafundisho ya Kichina yanasema wengu ukidhoofika, mwili hujaa unyevu na makohozi, na unene ni dalili yake. Vya baridi huuzidishia udhaifu huo. Daktari wa hospitali hatakubaliana na habari hizo za wengu. Lakini ukiiweka nadharia pembeni, sukari, mafuta ya kukaangia na wingi wa chakula vimepunguzwa, na mtu akifuata kwa miezi atapungua hata kama hajagusa boksi.

Boksi lenyewe lina nini? Chai zilizo bora huwa na majani ya yungiyungi, tunda kavu la shanzha, maganda ya chenza na chai ya pu'er. Hivyo vina historia ndefu jikoni na kwenye maduka ya dawa ya China, na madhara yake kwa kawaida ni madogo, sawa na uwezo wake wa kupunguza kilo. Lakini kata pakiti ya ile inayouzika zaidi, mwaga kwenye sahani, na mara nyingi utaona vijani vyembamba vyenye ncha, vya kijani kilichofifia, ambavyo mkazi yeyote mzee wa pwani atavitambua: sanamaki. Bibi zetu waliitumia kwa choo kigumu, kwa siku chache, wakaacha. Hapa inanywewa kila usiku kwa miezi. Asubuhi mizani inashuka, mteja anafurahi, na kilichotoka ni maji na kinyesi. Mafuta hayajaguswa. Akiacha, kilo zinarudi, naye anarudi dukani. Anayeendelea muda mrefu hujiweka kwenye hatari ya kupoteza madini ya potasiamu mwilini na ya kuwa na tumbo lisilofanya kazi bila kuchokozwa. Kibiashara ni bidhaa isiyokosa mnunuzi, na hilo linaeleza kwa nini hakuna anayeharakisha kuiondoa.

Kuna mbaya zaidi ya hiyo. Sibutramine, dawa ya kuzuia hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa ya damu. Tangu hapo wakaguzi wa nchi nyingi wameikuta mara kwa mara ndani ya chai, kahawa na vidonge vilivyoandikwa kuwa ni mimea mitupu. Na si lazima pawe na hila. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza mwili vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana nao sokoni, wa jamii ya Aristolochia. Baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Aliyekosea alikuwa mahali fulani kati ya stoo na maabara. Anayeagiza kutoka Guangzhou kwa picha za simu hana namna ya kujua kama kosa hilo limerudiwa.

Afisa mmoja wa udhibiti, naye bila jina, anasisitiza kuwa bidhaa zote hupimwa kabla ya kuingia. Ni vigumu kumkubalia. Nchini Tanzania tangu 2019 chakula na vipodozi vina msimamizi wake na dawa ina wake, na tiba asili ina baraza lililoundwa kwa sheria ya 2002. Chai ya kupunguza mwili inaweza kuitwa chakula kwenye makaratasi ya forodha, dawa ya asili kwenye bango la duka, na tiba kamili kwenye ujumbe wa WhatsApp. Yule mama anasema amesukumwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine kwa sababu ana duka lenye anwani. Wanaouza kwa simu na kusafirisha kwa bodaboda hawana mlango wa kubishwa.

China kwenyewe serikali imeegemea upande wa chakula. Mwaka 2020 mamlaka zake zilikiri kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wana uzito uliozidi. Mwaka 2024 ukatolewa mwongozo wa mlo kwa watu wazima wanene, wenye mapishi ya kila ukanda na vyakula vya kuongeza kulingana na hali ya mwili kwa mtazamo wa tiba ya asili. Mwaka uliofuata hospitali zikahimizwa kufungua kliniki za uzito. Ni hatua nzuri, ila tusiipokee nzima nzima. Majaribio mengi ya mimea hii ni madogo na ya muda mfupi, na ni shida kujua kilo zilizopungua ni za mmea au za mlo uliobadilishwa sambamba nao. Serikali inayokuza tiba yake ya asili ndani na nje ina sababu ya kutolichokonoa swali hilo.

Mbele hakuonekani vizuri. Sindano za dawa ya semaglutide zimeidhinishwa China kwa ajili ya kupunguza uzito tangu 2024, na hataza yake huko ilipangwa kwisha Machi 2026, jambo linalofungua njia kwa viwanda vya China kutengeneza za bei nafuu. Zikifika kwa wingi, wenye uwezo huenda wakahama kwanza, na wauza chai wakabaki na wateja wa kipato cha chini. Au bei ya sindano itabaki juu miaka kadhaa na Kariakoo isihisi chochote. Yule mama hajaamua kama ataagiza tena. Mzigo ulioko stoo hauna sanamaki, na unatoka polepole.