Masizi ya buji na sauti isiyosikika

Fundi wa pikipiki pale Kadutu, Bukavu, akifungua buji, yaani plagi ya cheche, iliyojaa masizi, macho yake huenda kwanza kwenye kauri nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Kazi ya kauri hiyo ni kuuzuia umeme wa maelfu ya volti usitoroke kabla ya kuruka pengo na kutoa cheche. Masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Yakiipaka kauri, umeme huteleza juu yake hadi kwenye chuma, cheche inafifia, na motari anashuka kusukuma pikipiki mlimani.

Wengi huisugua kwa burashi ya waya. Naomba tuiache desturi hii. Kauri ni ngumu kuliko waya, kwa hiyo kinacholika ni waya: chembe zake hubaki juu ya kauri kama mchoro wa penseli, nazo hupitisha umeme vilevile.

Mashine ya altrasoniki, ambayo masonara na madaktari wa meno wameizoea, haisugui. Beseni lake hutetemeshwa mara 40,000 hivi kwa sekunde, wakati sikio la binadamu hukomea karibu 20,000. Mtetemo huyavuta na kuyabana maji hata vinazaliwa viputo vidogo mno, kisha vinaporomoka. Kinachoporomoka karibu na kauri hurusha uzi mwembamba wa maji, unaofika hata ndani ya ule mwanya kati ya kauri na chuma ambamo burashi haiingii. Ukitaka kuijaribu nguvu yake, tumbukiza karatasi ya alumini ya jikoni kwa dakika moja: itatoka na matundu.

Tia maji na sabuni ya kukata mafuta, yapashe moto hadi nyuzi 50 au 60, uyaache yatetemeke kidogo hewa itoke, ndipo uweke buji. Usizidishe joto. Hapa Bukavu maji huchemka karibu na nyuzi 95, na yakikaribia hapo viputo hujaa mvuke na kupoteza ukali. Petroli isiingie humo hata tone; mvuke wake unaweza kulipuka.

Masizi laini yenye mafuta yatatoka. Kaboni iliyookwa ikawa gamba ni habari nyingine, maana sabuni haiiyeyushi. Chombo cha maabara cha kauri tupu huingizwa kwenye tanuri la nyuzi 600 hivi, kaboni ikaungua ikawa gesi. Buji ina chuma na viungio, haifai kuchomwa hivyo. Ila injini yenyewe ni tanuri: ncha ikifika nyuzi 450 au 500, masizi huungua papo hapo. Safari fupi za kusimama kila kona, kama Nyawera hadi Essence hapa mjini, mara nyingi hazifikishi joto hilo.

Tena kuna mwinuko wetu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na mitaa mingi iko juu zaidi. Hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, lakini kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani haipunguzi petroli kwa kiasi hicho. Ziada ndiyo masizi. Basi buji ikishaoshwa na kukaushwa vizuri, mwombe fundi aangalie jikileri, kile kijipande chenye tundu kinachopima petroli, aweke chenye tundu dogo zaidi. Baada ya siku chache za kazi fungua tena: kauri yenye rangi ya kahawia hafifu, kama biskuti, inaonyesha kuwa kipimo kimekaa.