Mbegu ya Ndungu na mikataba ya biashara: Mkulima anabanwa wapi?

MKULIMA wa mpunga anapotenga sehemu ya mavuno yake kwa ajili ya msimu ujao, kisha akamgawia jirani debe moja la mbegu, ni nadra kufikiri kwamba tendo hilo lina uhusiano wowote na mkataba uliosainiwa mjini Marrakesh, Morocco, Aprili 15, 1994. Hata hivyo, uhusiano upo, na katika maeneo kama Ndungu, wilayani Same, unagusa chakula na kipato cha kaya.

Ndungu iko katika tambarare iliyo chini ya Milima ya Upare Kusini, mkoani Kilimanjaro. Skimu yake ya umwagiliaji, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, hupata maji kutoka Mto Yongoma na kuifanya sehemu hiyo kame kuwa eneo la mpunga. Juu milimani, katika maeneo kama Mamba Miamba, wakulima hutegemea tangawizi, zao linalopandwa kwa vipande vinavyotokana na mavuno yaliyopita. Katika mazao yote mawili, mavuno ya leo ndiyo yanayoweza kuwa mbegu ya kesho.

Swali linalozushwa na mikataba ya biashara ni hili: nani ana mamlaka juu ya mbegu hiyo ya kesho?

Chimbuko la kanuni

Mkataba wa Marrakesh ndio ulioanzisha Shirika la Biashara la Dunia (WTO), lililoanza kazi Januari 1, 1995. Ndani yake umo Mkataba wa Haki Miliki Zinazohusiana na Biashara, maarufu kama TRIPS. Kabla ya hapo, kila nchi ilikuwa na nafasi kubwa ya kuamua ni kitu gani kipewe hataza na kwa muda gani. TRIPS iliweka viwango vya chini kwa wanachama wote, ikiwamo hataza ya miaka isiyopungua 20 kwa uvumbuzi, dawa zikiwamo.

Kuhusu mimea, ibara ya 27.3(b) inairuhusu nchi kutotoa hataza, ila kwa sharti kwamba iwe na utaratibu mwingine madhubuti wa kulinda aina mpya za mimea. Mkataba haukusema utaratibu huo uwe upi. Kila nchi iliachiwa itunge sheria inayolingana na mazingira yake.

Aidha, nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, zilipewa muda wa ziada kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba huo. Muda huo ulipangwa kwisha Januari 1, 2006, ukasogezwa hadi Julai 2013, kisha Julai 2021. Juni 2021 wanachama wa WTO walikubaliana kuusogeza tena hadi Julai 1, 2034, au hadi nchi itakapotoka katika kundi hilo, lolote litakalotangulia. Kwa dawa, upo msamaha wa pekee unaofikia Januari 1, 2033.

Kwa maana hiyo, WTO haikuilazimisha Tanzania kuwa na sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu kufikia sasa. Sheria hiyo imekuja kwa njia nyingine.

Zaidi ya kilichodaiwa

Wachambuzi wa biashara huyaita masharti ya namna hii "TRIPS ya ziada". Ni masharti makali kuliko yale ya WTO, ambayo huingia kupitia mikataba ya nchi mbili, ya kikanda au mipango ya misaada. Marekani, Umoja wa Ulaya na Japani zimekuwa zikiyaweka katika mikataba yao ya biashara, na mara nyingi mojawapo huwa ni kujiunga na Muungano wa Kimataifa wa Kulinda Aina Mpya za Mimea (UPOV), wenye makao yake Geneva, Uswisi. Morocco, kwa mfano, ilisaini mkataba wa biashara huria na Marekani mwaka 2004, na mwaka 2006 ikajiunga na UPOV.

Kwa Tanzania, shinikizo halikupitia mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 2012 nchi iliingia katika mpango wa mataifa tajiri ya G8 uliojulikana kama Muungano Mpya wa Usalama wa Chakula na Lishe. Miongoni mwa ahadi za Serikali katika mpango huo ilikuwa kuoanisha sheria ya wagunduzi wa mbegu na mfumo wa UPOV. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 2002. Zanzibar ilipata sheria yake mwaka 2014, na Novemba 22, 2015 Tanzania ikawa mwanachama wa UPOV chini ya mkataba wa 1991.

Mwaka huo, mwezi Julai, nchi wanachama wa Shirika la Haki Miliki la Kanda ya Afrika (ARIPO) zilikuwa zimekutana Arusha na kupitisha itifaki ya kulinda aina mpya za mimea, nayo ikifuata mfumo huohuo.

Tofauti ya 1978 na 1991

Mkataba wa UPOV wa mwaka 1978 ulimpa mgunduzi mamlaka hasa juu ya kuzalisha mbegu kwa ajili ya biashara na kuiuza. Mkulima aliyehifadhi mbegu na kubadilishana na mwenzake hakuguswa. Mkataba wa 1991 ulipanua mamlaka hayo hadi kwenye uzalishaji wowote wa mbegu iliyolindwa, ukiacha matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara, utafiti, na kazi ya kuzalisha aina nyingine mpya. Muda wa ulinzi nao uliongezwa kutoka angalau miaka 15 hadi 20, na kwa miti na mizabibu kutoka 18 hadi 25.

Nchi inaruhusiwa kumwachia mkulima apande tena mbegu aliyovuna, lakini katika shamba lake mwenyewe, kwa kiwango cha kuridhisha, na bila kuathiri maslahi halali ya mgunduzi. Kifungu hicho hakitaji kumgawia wala kumuuzia jirani. Ndiyo maana debe la mbegu linalovuka mpaka wa shamba huleta utata, iwapo aina hiyo imesajiliwa na bado iko ndani ya muda wa ulinzi.

Mambo mawili hayapaswi kuchanganywa hapa. Kwanza, haki za mgunduzi hazigusi mbegu za asili ambazo hazikusajiliwa. Ili aina ilindwe ni lazima iwe mpya, yenye upekee, ulinganifu na uthabiti. Upande wa pili wa sharti hilo ni kwamba mbegu za asili, ambazo huwa na mchanganyiko, ni vigumu kusajiliwa kwa jina la wakulima waliozitunza. Pili, Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ni suala tofauti: inahusu ubora. Chini yake Taasisi ya Kuthibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI) husimamia mbegu zilizothibitishwa pamoja na zile za daraja la kuazimiwa, ambazo vikundi vya wakulima vinaweza kuzizalisha. Mbegu inaweza kuwa na ubora unaokubalika kisheria, na bado ikahitaji idhini ya mgunduzi wake.

Hoja za pande mbili

Wanaotetea mfumo wa UPOV wanasema kuzalisha aina mpya huchukua miaka mingi na fedha nyingi, na kwamba bila ulinzi kampuni hazitaleta mbegu bora nchini. Hoja hiyo ina uzito katika kilimo cha maua na mboga, ambako wenye aina mpya husita kuzipeleka mahali wasipolindwa. Taasisi za utafiti za umma nazo zinaweza kusajili mbegu zao na kupata mapato.

Wanaoupinga wanasema mfumo huo ulitungwa kwa ajili ya kilimo cha nchi ambazo wakulima wengi hununua mbegu kila msimu, wakati hapa wakulima wadogo kwa sehemu kubwa hupata mbegu kutokana na mavuno yao, kwa majirani na sokoni. Wanaikumbusha Serikali kwamba Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea wa mwaka 2001, ambao Tanzania ni mwanachama, unatambua haki za wakulima.

Njia nyingine ilikuwapo. India, ambayo nayo inafungwa na TRIPS, mwaka 2001 ilitunga sheria inayomlinda mgunduzi na wakati huohuo kumruhusu mkulima kuhifadhi, kupanda, kubadilishana, kugawa na kuuza mazao yake, ikiwamo mbegu, mradi asiiuze mbegu iliyolindwa ikiwa na nembo ya biashara.

Mlango bado u wazi

Mjadala haujafungwa. Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi (EPA) kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ambao Tanzania ilikataa kuusaini mwaka 2016, ulikuwa na kifungu cha kurejea mezani kujadili mambo kadhaa, haki miliki ikiwa mojawapo. Kenya iliendelea peke yake, ikasaini Desemba 2023, na mkataba wake ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Kwa upande wa bara, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipitisha Februari 2023 itifaki ya haki miliki chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika.

Kila meza ya namna hiyo ni nafasi ya kubana zaidi au kulegeza. Kwa mkulima wa Ndungu au Mamba Miamba, hatua ya kwanza ni kuuliza, kabla ya kununua mbegu mpya, iwapo imesajiliwa na kwa masharti gani. Kwa wanaomwakilisha bungeni na katika majadiliano, kazi ni kuhakikisha kwamba ruhusa ya kugawana mbegu inaandikwa waziwazi katika sheria, badala ya kuachwa itegemee huruma ya mwenye haki.