Gesi Haiishi: Vitenzi na Utambuzi wa Hitilafu ya Kompresa ya Gari

Katika kazi ya kuunda istilahi imezoeleka kuanza na nomino. Kifaa kipya kikija, wataalamu hukitafutia jina. Likipatikana, kazi huhesabiwa kuwa imekamilika. Hivyo neno kiyoyozi limepata nafasi katika Kiswahili sanifu, huku kompresa, kandensa na klachi zikitoholewa na mafundi bila ya kusubiri halmashauri yoyote. Majina hayo yanatosha. Makala haya yanachunguza vitenzi vinavyoandamana nayo, kwani kosa la kitenzi humgharimu mwenye gari fedha nyingi.

Uchukuliwe mfano wa gari linalokwenda kati ya Ngao na Garsen, katika joto na vumbi la bonde la Mto Tana, na mara kwa mara hadi Malindi. Kiyoyozi chake kikianza kutoa hewa vuguvugu, dereva humwambia fundi ama "Gesi imekwisha" ama "Kompresa imekufa."

Kitenzi kwisha kimeazimwa kwa petroli na gesi ya kupikia, ambazo huungua zikapungua. Gesi ya kiyoyozi haiungui. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa huisukuma kwa shinikizo, kandensa iliyo mbele ya rejeta huipoza hadi ikawa kimiminika, kisha hupenya tundu jembamba na kuchemka ndani ya ivaporeta, ikinyonya joto la ndani ya gari kabla ya kurudi ilikotoka. Ikipungua, basi imetoka mahali. Kisarufi, kwisha hakidai mahali. Kuvuja hudai, na Kiswahili hukubali hata mahali penyewe pawe kiima: gesi inavuja, bomba linavuja, hapa panavuja. Atumiaye kitenzi hiki hana budi kuuliza "wapi?", na jibu mara nyingi huonekana kwa macho, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Penye mvujo hubaki doa, na vumbi la barabarani hunata hapo. Asemaye "imekwisha" hujaza tu, akajaza tena, na mafuta yakizidi kupotea kompresa husagika kweli.

Kufa nako ni jumla mno. Kompresa isiyozunguka huenda ikawa nzima. Gesi ikiwa chache, swichi ya shinikizo hukata umeme wa klachi, na hufanya hivyo ili kuilinda kompresa yenyewe. Hapa mafundi wana kitenzi bora kuliko cha madereva: klachi inashika au haishiki. Ikishika, hutazamwa geji mbili. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Upande wa kunyonya ukiwa juu na wa kusukuma chini, ilhali kompresa inazunguka, basi kwa kawaida haisukumi tena, na hapo ndipo inapostahili kubadilishwa.

Katika kuibadilisha, neno mafuta lina mtego wake, kwa kuwa Kiswahili hulitumia kwa petroli, kwa oili ya injini na hata kwa ya kupikia. Magari ya gesi ya R-12, ambayo Itifaki ya Montreal ya 1987 ilianzisha kuondolewa kwake, yalitumia mafuta ya madini. R-134a, iliyoenea katika magari miaka ya 1990, huhitaji mafuta ya kutengenezwa viwandani. Fundi akiyakosea, kompresa mpya haidumu.

Gesi iliyobaki hunyonywa kwa mashine. Chujio la kukaushia na mipira ya maungio hubadilishwa, na mabomba husafishwa iwapo yameingia chembe za chuma. Kisha pampu hufanya kazi nusu saa au zaidi, na geji huachwa itazamwe kama itatulia, kabla ya kutia gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Hatua hiyo ya pampu huitwa kuvuta hewa, ingawa pamoja na hewa huondolewa unyevu, ambao ukibaki huganda kwenye lile tundu jembamba na kula chuma kwa ndani.