Kudumu Jukwaani Hadi Usiku wa Manane: Pumzi, Sauti na Afya ya Wanamuziki wa Bendi za Baa

Himo ni mji wa njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Same na Mwanga huachana na ile iendayo Holili, mpakani na Kenya, na hapo pia huanza safari ya kupanda Marangu na Rombo. Penye njia panda hapakosi wasafiri, na penye wasafiri hapakosi baa. Mwisho wa juma baadhi ya baa huita bendi. Ifikapo Desemba, wenyeji wa Kilimanjaro waishio mbali hurejea nyumbani kwa Krismasi, na harusi, kipaimara na sherehe za ukoo hufuatana bila kuachiana nafasi. Kwa mwanamuziki huo ndio msimu wa mavuno. Hupanda jukwaani saa tatu usiku, hushuka saa nane au tisa, na mchana wake huitwa kupiga muziki kwenye harusi.

Wengi wa wanamuziki hao hulipwa kwa usiku mmoja mmoja, pamoja na fedha wanazotunzwa na wapenzi wa muziki. Hawana likizo ya ugonjwa. Sauti ikikauka Ijumaa, kodi ya nyumba imeyumba. Ndiyo maana wengi huficha maumivu na kujisukuma kwa pombe, vidonge na vichangamsho. Makala hii inakusudia kueleza kwamba ustahimilivu haununuliwi kwa njia hiyo. Ni hesabu ya matumizi na marejesho: kile ambacho mwili umetumia jukwaani lazima urudishiwe, na marejesho hayo hayawezi kupangwa na mtu mmoja bila bendi yake.

Kazi inayofanywa na mwili

Watazamaji huona burudani, ilhali mwili huona kazi nzito. Watafiti wa Uingereza waliompima Clem Burke, mpiga drams wa bendi ya Blondie, waligundua kwamba moyo wake ulipiga wastani wa mara 140 hadi 150 kwa dakika wakati wa onyesho, na nyakati nyingine ulikaribia mara 190. Viwango hivyo hulingana na vya mwanamichezo aliye uwanjani.

Mpiga gitaa na mpiga besi hutumia nguvu za namna nyingine. Misuli ya bega, mgongo na mkono ulioshika shingo ya gitaa hukaza kwa muda mrefu bila kulegea. Msuli uliokazwa hivyo hubana mishipa yake yenyewe, damu hupungua, na uchovu huingia mapema kuliko kwa msuli unaokaza na kulegea. Hicho ndicho chanzo cha ganzi, kuungua kwa kifundo cha mkono na maumivu ya kiuno. Mkanda mpana wa gitaa, kubadili mkao, na kulegeza vidole kati ya wimbo na wimbo husaidia kuliko dawa ya kuchua.

Pumzi nayo hujengwa siku ambazo hakuna onyesho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mkazi wa miteremko ya Kilimanjaro hahitaji kulipia ukumbi wa mazoezi, kwani kutembea kwa haraka kwenye barabara ya kupanda, dakika 30 kwa siku tano, kunatosha kuanzia. Kipimo ni rahisi: uweze kuzungumza unapotembea, lakini usiweze kuimba.

Sauti na masikio

Ndani ya zoloto zimo nyuzi mbili za sauti ambazo hugongana kila sauti inapotoka. Mwimbaji anayetoa sauti ya mitetemo 200 kwa sekunde, akijumlisha dakika 30 tu za kuimba, nyuzi zake zimegongana mara 360,000. Nyuzi zenye unyevu huhimili mgongano huo. Nyuzi zilizokaushwa na pombe, moshi wa sigara na ukosefu wa maji huvimba, na mwimbaji akiendelea kuzilazimisha zinaweza kuota vinundu.

Sauti huharibika zaidi pale mwimbaji asipojisikia. Spika zikielemea, bila kujua hupaza sauti, mpiga gitaa naye huongeza yake, na kila mmoja humfukuza mwenzake hadi usiku kwisha. Kwa hiyo kulinda masikio ni kulinda koo pia. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni kwamba desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Katika desibeli 100, kiwango cha kawaida karibu na drams na spika kubwa, muda salama ni takriban dakika 15. Chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio hazioti tena. Vizibo vya masikio, spika ndogo iliyoelekezwa kwa mwimbaji, na kuketi kando badala ya mbele ya spika kubwa ni kinga zenye gharama ndogo kuliko kifaa cha kusaidia kusikia.

Nguvu za mkopo

Vichangamsho havitengenezi nguvu. Hukopa kesho ili kulipa leo. Pombe, iwe bia au mbege, humlegeza mwanamuziki na kumpa ujasiri, lakini humwongezea mkojo, hukausha koo na huharibu usingizi atakaoupata baadaye. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na kafeini ya takriban miligramu 80. Makopo kadhaa kwa usiku humfanya mtu asilale alfajiri, na yakichanganywa na pombe humfanya ajione hajalewa ilhali amelewa. Mirungi, ambayo ni halali upande wa pili wa mpaka na marufuku kwetu, huondoa njaa na usingizi huku ikipandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Atumiaye hudhani amepata pumzi, kumbe ameziba tu masikio asisikie mwili ukilalamika.

Dawa za maumivu kama diklofenaki zinastahili onyo la pekee. Zikimezwa kila usiku, tena juu ya pombe na tumbo tupu, huweza kusababisha vidonda na kutoka damu tumboni, na kudhuru figo za mtu aliyepungukiwa maji. Vivyo hivyo, sindano au vidonge vya kurudisha sauti kwa haraka huficha uvimbe bila kumwondolea mwimbaji kazi iliyouleta.

Usingizi na barabara

Mtu mzima huhitaji saa 7 au zaidi za usingizi. Usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi kuliko wa usiku, hivyo anayelala alfajiri anahitaji chumba chenye giza, simu iliyozimwa, na familia inayoelewa kwamba hajalala kwa uvivu. Kulala saa moja na nusu mchana kabla ya onyesho ni akiba nzuri.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa moja asubuhi hufikia hali hiyo saa sita usiku, hata kama hajaonja tone. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji aliyeipa sifa Morogoro Jazz, alifariki kwa ajali ya barabarani nchini Kenya mwezi Januari 1979. Kila ajali ina sababu zake, lakini barabara ya usiku ni sehemu ya kazi ya mwanamuziki, na yapasa ipangwe kama wimbo unavyopangwa. Dereva wa bendi asiwe mtu aliyepiga muziki usiku huohuo. Kama hakuna mwingine, ni heri kulala Himo hadi kupambazuke.

Funzo la bendi kubwa

Muziki wa dansi nchini una historia ndefu ya maonyesho ya kukesha. NUTA Jazz, ambayo leo tunaijua kama Msondo Ngoma, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mlimani Park Orchestra iliyofuata mwaka 1978 nayo ilikuwa na safu ya waimbaji kadhaa, wapiga magitaa na wapulizaji. Katika bendi za namna hiyo, mwimbaji mmoja huongoza ubeti na wenzake huitikia. Magitaa na tarumbeta yakichukua nafasi, waimbaji hupumua. Watu walidumu kwa sababu walipokezana.

Bendi ya watu wanne haina akiba ya kutosha, lakini inaweza kuiga mpangilio huo. Nyimbo za sauti ya juu zisifuatane. Kila mbili zifuatwe na moja ya chini au ya ala tupu. Angalau watu wawili wajifunze kuongoza kuimba. Tuni ya wimbo ishushwe ikiwa mwimbaji analazimika kupiga kelele. Kila dakika 45 hadi 60 bendi ishuke kwa dakika 15, na jambo hilo liandikwe katika makubaliano na mwenye baa kabla ya fedha kutajwa. Mwenye baa naye hapotezi, kwani wateja huagiza chakula na vinywaji wakati wa mapumziko.

Chakula cha kutosha, kama mtori au wali na maharage, kiliwe saa mbili au tatu kabla ya onyesho. Wakati wa mapumziko ndizi mbivu au uji hutosha. Nyama choma ya saa nane usiku ikifuatwa na kulala mara moja huleta kiungulia, na tindi­kali inayopanda huunguza zoloto. Maji yanywewe kidogo kidogo usiku kucha. Mkojo wa rangi ya majani makavu ni onyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari wake kiasi kinachomfaa. Wanaopiga nje wavae mikono mirefu na wapake dawa ya kufukuza mbu, kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku, saa zilezile za kazi yao.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa akisema amechoka, muulize kazi yake na saa anazolala. Ukijua ni mwanamuziki, usiharakishe kusema ni uchovu wa kazi. Pima malaria iwapo ana homa, angalia wingi wa damu, sukari na shinikizo la damu, na umuulize bila kumhukumu kuhusu pombe, mirungi na dawa anazojinunulia. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kichunguzwe kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao huweza kushambulia hata zoloto. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki 3 ipelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu nyuma yake kunaweza kuwa na vinundu, kifua kikuu au saratani. Kwa wakazi wa Himo, hospitali za Mawenzi na KCMC mjini Moshi haziko mbali.

Mwanamuziki asisubiri onyesho liishe iwapo ataumwa kifua, atazimia, atakosa pumzi kuliko kawaida, atatema damu au atapoteza sauti ghafla katikati ya wimbo. Mlio wa masikio usiokoma baada ya siku 2, au ganzi ya vidole inayomwamsha usingizini, nayo yahitaji daktari wiki hiyohiyo.

Mapumziko ya sauti ya siku mbili au tatu, bila kuimba wala kunong'ona, mara nyingi huokoa msimu mzima. Bendi iliyokwisha kumwandaa mwimbaji wa pili inaweza kumpa mgonjwa siku hizo bila kupoteza kazi. Matayarisho hayo yaanze Oktoba, wakati wa mazoezi, kabla watu hawajaanza kurudi nyumbani.